Hivi kwa nini wapiga picha wanaziba nembo za kamera zao kwa tepu nyeusi?

#1 Kivuli Kirefu (mleta mada)
Wakuu habari. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye harusi, mgeni tu. Mpiga picha aliyekodiwa alikuwa na kamera mbili mabegani, na zote mbili pale juu ya lenzi, penye jina la kampuni, kabandika tepu nyeusi. Si mara yangu ya kwanza kuona kitu hiki. Nikamfuata nikamuuliza, akacheka, akasema "mambo ya kazi tu hayo", akaondoka zake.

Sasa mimi sielewi. Mtu kamera kainunua kwa jasho, jina lenyewe ndilo nusu ya raha, halafu analiziba? Nauliza kwa sababu juzi nimejipatia ya kwangu, ya mkono wa pili. Kampuni sisemi, nawajua nyie, uzi utageuka vita ya timu. Nataka kujua tu: nami nizibe, au ni kuiga?

#2 Kamanda Zumu
Wezi. Mwizi akiona jina anajua thamani, asipoliona anadhani ni kopo. Mimi yangu imezibwa tangu siku ya kwanza. Uzi ufungwe.

#3 Binti Mwanga
Kamanda, huyo mwizi wako anakaa chini anasoma kwanza? Mwizi haangalii herufi. Anaangalia begi limewekwa wapi na mwenye begi anaangalia wapi. Mtu umeshika lenzi nene kama paja la mtoto, halafu unategemea kipande cha tepu cha sentimita nne kikuokoe.

Yangu iliibwa ikiwa na tepu. Nilikuwa nimekaa, mkanda wa kamera nimeuning'iniza kwenye mgongo wa kiti, nikageuka kuagana na mtu. Kugeuka tena, kiti kitupu. Imeondoka na tepu yake vilevile.

#4 Mtazamaji Kimya
Nimekaa pale, nasubiri wajuvi.

#5 Mzee wa Filamu
Jambo hili limezitangulia kamera zenu zote. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa, alitembea na kamera ndogo ya Leica ambayo sehemu zake za kung'aa alizifunika kwa tepu nyeusi. Kamera za wakati ule nyingi zilikuwa za kromi, jua likiipiga inamulika kama kioo cha kunyolea. Mtu barabarani anageuka kutazama kilichommulika, picha imekufa. Kwa hiyo shida yake ilikuwa mng'ao. Jina lilikuwa limechongwa juu, hakuna aliyekuwa akilisoma.

Walker Evans, Mmarekani, alikwenda mbali zaidi. Kati ya 1938 na 1941 alipiga picha za abiria kwenye treni za chini ya ardhi za New York. Alichukua Contax yake, akapaka rangi nyeusi isiyong'aa kila palipometameta, akaivaa kifuani ndani ya koti, lenzi ikichungulia kati ya vifungo, waya wa kufyatulia umepita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Abiria wa mbele yake anasinzia, anasoma gazeti, hana habari.

Tepu ilianzia huko, kwenye mwanga na macho ya watu. Hayo ya wezi mmeyaongeza ninyi.

#6 Pikseli Moja
Shukrani mzee. Ila nadhani Cartier-Bresson alikuwa anaziba kile kitone chekundu, nembo ya Leica. Ile M3 ya 1954 kitone kinaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

#7 Mzee wa Filamu
Hapo umechapia, kijana. M3 haina kitone chekundu mbele. Jina lake limechongwa kwenye bamba la juu, kwa mwandiko wa kuviringa, unalisoma ukiwa umeishika mwenyewe. Kitone unachokiwaza ni cha miaka ya baadaye sana. M6 ya 1984 ninayo kabatini, kitone kipo, na ndani yake kimeandikwa Leitz, jina la kampuni iliyokuwa ikizitengeneza, hata Leica hakijaandikwa.

#8 Pikseli Moja
Sawa mzee, nimekubali bakora.

#9 Lenzi Chakavu
Kichekesho cha kitone ni hiki. M9 ilitoka 2009 ikiwa nacho. 2011 wakatoa M9-P, mashine ileile kwa ndani, kitone wamekiondoa na jina wamelirudisha juu kwa mwandiko wa zamani. Kioo cha skrini kilikuwa cha yakuti, ndiyo, lakini watu waliilipia zaidi na wengi walichokitaka ni huo uso mtupu. Mwaka 2018 ikaja M10-P, mchezo uleule. Na M Monochrom ya 2012 mbele haina kitu kabisa.

Yaani ukitaka kamera isiyokutangaza, ongeza hela. Tepu ni njia ya maskini kufika palepale.

#10 Kamanda Zumu
Na kuna watu wanauza vibandiko vyekundu vya duara ili ubandike kwenye kamera isiyo Leica. Mmoja anabandua, mwingine anabandika. Wangekutana wabadilishane tu.

#11 Fundi Shata
Mnazungumza barabarani tu. Mimi napiga bidhaa ndani ya chumba, watu sina, wezi sina, na nembo nimeziba zote. Nitawaambia sababu yangu.

Nilipewa saa ya mkononi niipige. Kioo chake kimebinuka kidogo, na mkanda wa chuma uliong'arishwa. Nimepanga taa saa nzima, nimepiga, naikuza picha kwenye kompyuta: pembeni ya namba kumi kuna uchafu mweupe. Nikafuta kioo. Nikapiga tena, uchafu upo palepale. Nikafuta tena kwa kitambaa cha miwani. Mara ya tatu ndipo nikakuza hadi mwisho na kuona ule "uchafu" una miguu. Zilikuwa herufi tano, zimegeuka kinyumenyume. Jina la kamera yangu mwenyewe linanitazama kutoka ndani ya saa ya mteja.

Tangu siku hiyo nina kadi nyeusi, nimeikata tundu la ukubwa wa lenzi, naivisha mbele ya kamera nzima kama barakoa. Nikiwa na haraka, tepu. Kijiko, chupa, miwani, dirisha la gari: chochote kinachoakisi kitakurudishia kila kilicho cheupe mbele ya kamera yako.

Na wengi mnaisahau lenzi. Lile duara la mbele lenye maandishi meupe, milimita na namba za f. Ukiwa umefunga filta na mwanga mkali ukaingia kutoka mbele, maandishi yanagonga mgongo wa filta, yanarudi ndani ya lenzi, na unaweza kuyakuta kwenye picha kama mzuka. Wapo wanaoyapaka weusi kabisa.

#12 Kivuli Kirefu
Fundi, herufi tano? Kwa hiyo ni kampuni gani?

#13 Fundi Shata
Wewe umekataa kusema yako, unataka yangu?

#14 Mzee wa Filamu
Bandiko #11 limenikumbusha Wally Schirra, mwanaanga. Mwaka 1962 alinunua kamera ya kawaida ya Hasselblad 500C dukani, akaenda nayo angani. Kabla ya kurushwa waliivua ngozi yake na kuipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ili isiakisiwe kwenye dirisha la chombo. Tatizo la fundi na saa yake ndilo hilohilo, chini yake tu kulikuwa na dunia nzima.

#15 Lenzi Chakavu
Mzee, malizia hadithi. Kamera zilizoshuka mwezini 1969 zilikuwa za rangi ya fedha, si nyeusi. Sababu ni joto. Nyeusi inakunywa jua. Kwa hiyo ukiwa ndani ya chombo unataka nyeusi, ukitoka nje unataka ya fedha. Anayeniambia kamera lazima iwe nyeusi ili awe mtaalamu, namwelekeza mwezini.

#16 Pikseli Moja
Ndiyo maana lenzi kubwa za Canon ni nyeupe! Nimesoma kwamba zina vioo vya fluoriti ndani, aina ya madini angavu, na fluoriti hutanuka kwa joto kuliko kioo cha kawaida.

#17 Kamanda Zumu
Fluoriti wameianza 1969, sawa. Lakini Nikon nao wanatengeneza lenzi kubwa, na nyingi ni nyeusi, na hazijayeyuka. Uwanja wa mpira ukionyeshwa kwenye runinga, unaona safu ya mizinga myeupe pembeni ya goli, unajua ni nani bila kusoma herufi hata moja. Joto ni sababu, tangazo nalo ni sababu. Zibeni nembo mnavyotaka, rangi ya lenzi imeshasema.

#18 Kivuli Kirefu
Nilisema vita ya timu itakuja. Bandiko la kumi na sita tu.

#19 Dada Fokasi
Habari zenu. Mimi napiga sherehe, kwa hiyo ngoja nimjibu mleta mada kuhusu yule wa harusini.

Kwenye kila sherehe yupo mjomba mmoja mwenye kamera nzuri kuliko yako. Au anasema anayo nyumbani. Anakuja, anasoma jina, na hotuba inaanza: "Aa, unatumia hizi? Mimi niliziacha. Zile zingine rangi ya ngozi zinaitoa vizuri." Bibi harusi yuko umbali wa hatua mbili, anasikia. Mama yake anasikia. Unaona kabisa imani inavyomtoka mteja usoni, na keki bado haijakatwa. Ilinitokea mara nyingi nikachoka. Nikaziba. Mjomba akija sasa hana pa kuanzia.

#20 Mtazamaji Kimya
Na haji kuuliza "mbona umeziba?"

#21 Dada Fokasi
Anakuja. Ila huyo wa kuuliza jibu lake ni sekunde mbili. Wa kulinganisha alikuwa ananimalizia dakika kumi.

#22 Bwana Tripodi
Upande wa video ni hadithi nyingine. Kwenye vipindi vya runinga nembo za watu wengine hazitakiwi kuonekana hovyo. Chupa inageuzwa, kofia inazibwa, kompyuta inabandikwa stika juu ya alama yake. Kamera ikitokea ndani ya picha, mathalani mhusika ni mwandishi wa habari, nayo inazibwa. Sheria ndiyo inayolazimisha, kampuni inaweza kukushtaki.

#23 Binti Mwanga
Tripodi, nyoosha maelezo. Nimefanya kazi ya kupanga vifaa kwenye filamu mbili ndogo. Hatukuwahi kuambiwa kwamba kuonyesha nembo tu ni kosa. Tulichoambiwa ni kwamba mdhamini amelipa ili bidhaa yake ionekane, hatafurahi kuona ya mpinzani wake inapita bure kwenye fremu. Mambo ya mkataba. Na wakubwa wa kazi huziba hata pasipo na mkataba, kwa sababu hawajui kesho nani atanunua kipindi.

#24 Bwana Tripodi
Sawa, "sheria" nimeiweka kwa mkono mzito. Lakini matokeo ni yaleyale: vijana wengi walijifunza tepu kwenye seti, wakatoka nayo, wakaendelea kuziba hata wakipiga paka wao nyumbani.

#25 Mtazamaji Kimya
Nimesoma yote nikiwa nimekaa, sasa nasimama. Mnajidanganya. Nusu ya wanaoziba wanafanya hivyo ili waonekane wameziba. Tepu nyeusi inasema "hapa chini kuna kitu". Sijawahi kuona mtu akiziba kamera ya bei ya chini. Na mwenye macho anaitambua kamera kwa umbo: bega lake, kitufe kilipo, mstari mwekundu kwenye mshikio. Kwa nani unaficha? Asiyejua hajali, anayejua ameshajua.

#26 Fundi Shata
Saa yangu ya mkononi haikuwa na haja ya kuonyeshwa chochote.

#27 Mtazamaji Kimya
Wewe fundi nimekutoa. Nusu nyingine hiyo.

#28 Binti Mwanga
Mimi nina swali kwa Mzee, bila ugomvi. Zile hadithi za koti na vifungo zinasimuliwa kama ushujaa. Yule abiria aliyesinzia aliulizwa? Naona watu wanaziba nembo na kusema "nisionekane", kana kwamba kutoonekana ni sifa. Nikimpiga mtu uso napenda ajue kuna kamera. Kubwa, imeandikwa jina, inamtazama. Akigeuka, kageuka, ana haki yake.

#29 Lenzi Chakavu
Kabla hata ya Evans alikuwepo Paul Strand. Mwaka 1916 huko New York alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake. Mtu anaona lenzi imeelekezwa kule, anatulia, kumbe lenzi ya kweli inatokea chini ya mkono na inampiga yeye. Moja ya picha alizopiga kipindi hicho ni ya mwanamke aliyetundikiwa kibao shingoni kimeandikwa "kipofu". Sasa niambie: lenzi ya bandia kwa ajili ya mtu asiyeona. Nimeitazama picha hiyo miaka na bado sijui niiweke upande gani.

#30 Mzee wa Filamu
Binti, swali lako ni halali na sina jibu la kukufurahisha. Evans mwenyewe alikaa na picha zile miaka mingi, kitabu kilitoka 1966. Labda naye lilimkaa kooni. Ila barabarani nimejifunza jambo moja: watu wanaitikia ukubwa na kelele. Ile M6 yangu nikiitoa, wazee wananisogelea wenyewe, "hiyo bado inakula filamu?", wananipa dakika tano za maisha yao. Nikitoka na kamera ya kidijitali yenye lenzi ndefu, wanavuka barabara. Yenye jina ni zote mbili.

#31 Pikseli Moja
Hapo naungana na mzee. Ile kamera ndogo ya Ricoh, GR, mbele ina herufi mbili tu kwenye kona na inaingia mfukoni. Fujifilm nao X-Pro2 ya 2016 uso wake ni mtupu, jina wameliweka juu. Watengenezaji wameshaelewa kuna kundi halitaki kubeba bango.

#32 Kamanda Zumu
Wanaelewa, halafu wanakupa mkanda wa shingoni wa njano wenye jina lao refu kama treni. Watu wanaziba herufi tano mbele ya kamera na kuvaa herufi ishirini begani. Anzeni na mkanda.

#33 Dada Fokasi
Hili la mkanda limenipata. Nimeushika sasa hivi nikautazama. Miaka mitatu.

#34 Mzee wa Filamu
Kwa wanaopenda majina: Nikon nao waliwahi kuficha jina lao. Nikon F ya 1959 ilipoingia Ujerumani iliuzwa kwa jina la Nikkor, kwa sababu Zeiss Ikon, kampuni ya kamera ya hukohuko, walilalamika kwamba Nikon linafanana mno na Ikon. Leo wanaozikusanya wanazitafuta hizo zenye jina la kubadilisha.

#35 Kamanda Zumu
Mzee, kwa kuwa tumefika kwenye za kale, mimi nami nina Leica ya zamani sana. Ina mchoro wa tai na maandishi ya jeshi la anga la Ujerumani. Ndiyo niliyosema kwenye #2 nimeiziba kwa kuogopa wezi.

#36 Mzee wa Filamu
Ya rangi ya dhahabu?

#37 Kamanda Zumu
Umejuaje?

#38 Mzee wa Filamu
Fungua lenzi taratibu, inazunguka kushoto. Chungulia ndani, upande wa juu. Kuna kijiti kinachosukumwa na lenzi ili kipima umbali kisogee. Ncha yake ikoje? Kigurudumu kidogo cha duara, au imechongoka kama pembetatu?

#39 Bwana Tripodi
Naandaa kiti.

#40 Kamanda Zumu
Pembetatu.

#41 Mzee wa Filamu
Pole. Hiyo ni FED au Zorki ya Kisovieti. Walizinakili kutoka kwa Leica, na baadaye wajanja wakazichonga jina la Leica na tai juu. Zipo nyingi mno. Kupiga picha inapiga vizuri tu, usiitupe.

#42 Binti Mwanga
Kwa hiyo Kamanda miaka yote hii umeificha nembo isiibwe, na nembo yenyewe ndiyo iliyokuibia wewe. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

#43 Kamanda Zumu
Nimeitoa tepu. Waje.

#44 Kivuli Kirefu
Wakuu nawashukuru, ila nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Wezi, mng'ao, wajomba, mdhamini, mikogo. Nimeamua nizibe tu nione mwenyewe. Tepu gani?

#45 Fundi Shata
Hapa sasa nisikilizwe.

Tepu ya umeme, ile ya plastiki ya mafundi nyaya, achana nayo. Inang'aa, kwa hiyo umeziba jina jeupe ukaweka kioo cheusi. Tena ikipata joto gundi inalegea, tepu inateleza pembeni na kuacha ute unaokusanya vumbi na nywele. Tepu pana ya kijivu ya kuzibia mabomba ni mbaya zaidi, gundi yake inang'ang'ania mpaka rangi.

Tafuta tepu ya kitambaa, nyeusi, isiyong'aa, ile wanayobandikia nyaya jukwaani. Unaichana kwa vidole, inabanduka safi. Ila nayo usiiache mwaka mzima, ibadilishe. Kata kona zake ziwe mviringo. Kona kali ndizo zinazoinuka kwanza kila unapoiingiza kamera kwenye begi.

Angalia unachokiziba. Kwenye kamera nyingi jina limekaa juu ya fleshi ya kuchomoza. Ukivusha tepu mpaka chini ya mstari wa mfuniko, siku fleshi ikitaka kutoka haitoki, na wewe utadhani imekufa. Usizibe vitundu vya maikrofoni, usizibe kitaa cha kusaidia fokasi, na ile sensa ndogo karibu na pa kuwekea jicho iache iwe wazi, la sivyo skrini ya nyuma itazimika yenyewe utafute mchawi.

Kuondoa gundi: alkoholi ya kusafishia, kidogo, kwenye kitambaa, si kwenye kamera. Taratibu. Usitumie asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Inakula plastiki na inakula rangi.

#46 Lenzi Chakavu
Ongeza: mkiuza kamera mnunuzi ataibandua hiyo tepu mbele yenu. Chini yake patakuwa papya kuliko kwingine, na atauliza ulikuwa unaficha nini. Jiandaeni.

#47 Mtazamaji Kimya
Au mpake rangi nyeusi ndani ya herufi kama wale wa zamani. Hapo hamna kurudi nyuma.

#48 Kivuli Kirefu
Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye. Msinitukane.

Nilibandika kabla sijasoma #45. Tepu ya umeme ndiyo iliyokuwepo ndani. Siku ya nne nimeshinda nayo juani, jioni naishika, tepu imehama imefika kwenye mshikio, na pale juu pamebaki kitu cheusi kama lami. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamba, nikaanzia kushoto. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, nikafurahi. Ya pili ikatoka nyeupe.

Nikasimama hapohapo. Herufi tatu za mwanzo hazipo. Zimebaki mbili: "on".

#49 Kamanda Zumu
Hahaha! Haya sasa tutajua. Canon au Nikon?

#50 Bwana Tripodi
Kamanda, soma tena. Zote mbili zina herufi tano na zote zinaishia hapo.

#51 Pikseli Moja
Mleta mada, piga picha ya mshikio basi. Tuone kama kuna wekundu.

#52 Kivuli Kirefu
Siwapi hata kivuli chake.

#53 Fundi Shata
Pole. Pitisha ukucha juu ya palipofutika. Ukihisi kibonde, herufi zimechongwa, na unaweza kuzijaza tena: rangi nyeupe ya akriliki, kijiti cha meno, jaza, ngoja dakika chache, futa ya juu kwa kitambaa chenye unyevu. Kama ni laini, zilikuwa za kuchapwa, hizo zimeondoka moja kwa moja. Na plastiki yenyewe je, imepauka?

#54 Kivuli Kirefu
Imepauka kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Kibonde kipo. Lakini sijazi, fundi. Jana nilikuwa nampiga mzee mmoja amekaa kibarazani, mgumu, amekaza mabega kama anapigwa ya pasipoti. Akaitazama kamera, akaniuliza: hiyo "on" inamaanisha imewashwa?

#55 Binti Mwanga
Ukamjibu nini?

#56 Kivuli Kirefu
Nikamwambia ndiyo, na nikiizima herufi zinapotea. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Hiyo ndiyo niliyoipiga.